Kuni za kando ya barabara: Uliza kwanza, okota baadaye

KUNI iliyoanguka kando ya barabara haina jina la mtu. Ndiyo maana wapita njia wengi huiona kuwa ni riziki ya Mungu, huinama, huiokota na kwenda zao.

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tabora, mazoea hayo ni ya siku nyingi. Kata ya Ntalikwa, ambayo ni mojawapo ya kata za Manispaa ya Tabora zenye sura ya kijijini, haiko mbali na hali hiyo. Mama anayetoka shambani hapendi kurudi nyumbani mikono mitupu. Kijana mwenye baiskeli aliyepeleka mzigo mjini hufunga matawi mawili matatu kwenye keria wakati wa kurudi.

Hata hivyo, kadiri miti inavyopungua na kuni zinavyogeuka kuwa bidhaa yenye bei, jambo lililokuwa dogo limekuwa chanzo cha ugomvi. Mmoja anasema ameokota, mwingine anasema ameibiwa. Baiskeli inashikiliwa, panga linachukuliwa, na watu wazima wanapoteza siku nzima kwenye benchi la ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Kibaya zaidi, ujirani unavunjika kwa mzigo mmoja wa kuni. Jirani huyo huyo ndiye atakayehitajika kesho kuazima jembe la kukokotwa na ng'ombe au kusaidia kwenye msiba.

Swali ambalo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanapaswa kujiuliza ni hili: kuni za kando ya barabara ni za nani, na zinaombwaje?

Kwa nini kuni zina thamani

Tabora ni nchi ya misitu ya miombo. Humo mna miti kama mtundu, myombo na mninga, ambayo kwa vizazi vingi imewapatia wakazi kuni, asali, uyoga, dawa, kamba za magome na mbao.

Kuni hizo zina watumiaji wengi. Kuna kaya zinazopika ugali na kuchemsha viazi vya kukausha. Kuna mama lishe, wapika pombe ya kienyeji na wachoma matofali. Juu yao wote wako wakulima wa tumbaku ya mvuke, ambao huhitaji moto wa kukaushia majani kwenye mabani.

Kilimo cha tumbaku kilishika mizizi Urambo mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya kuanguka kwa mpango wa Waingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947. Kutoka hapo zao hilo likaenea sehemu nyingine za mkoa, na mahitaji ya kuni yakaenea pamoja nalo.

Ukaushaji wa bani moja huchukua takriban wiki nzima, na moto hautakiwi kuzimika. Ukipungua kabla ya wakati, jani hubadilika rangi, daraja hushuka na bei hushuka nayo. Kwa hiyo gogo lililowekwa kando ya njia kusubiri mkokoteni huenda ni gogo la mwisho la kumalizia bani la mtu. Aliyelichukua anaona ni kuni tu. Aliyelipoteza anaona ni jasho la msimu mzima.

Jambo jingine ni ubora. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake unaweza kuwa maji. Moto wa kuni mbichi hutumia nguvu nyingi kuyafukuza maji hayo kabla ya kuchemsha sufuria, na moshi huwaumiza wapishi macho na mapafu. Ndiyo sababu kuni kavu iliyoanguka yenyewe hugombaniwa. Imekwisha kukaushwa na jua bila gharama.

Njia ya misafara na desturi ya kuomba

Watu wa Unyanyembe hawakuanza jana kuishi na wapita njia. Tabora ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wazungu Richard Burton na John Speke walipofika hapo Novemba 1857, walikuta mahali panaitwa Kazeh pakiwa na biashara iliyokwisha kukomaa.

Msafara mmoja uliweza kuwa na mamia ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kila jioni kundi hilo lilihitaji mambo matatu kabla ya kulala: maji, chakula na kuni. Kambi ya watu mia tatu haiwezi kuota moto usiku kucha bila kugusa mali ya mwenyeji.

Hivyo misafara ililazimika kupatana na watemi na wakuu wa maeneo iliyopita. Malipo yaliyotolewa kwa ajili ya kupita yaliitwa hongo. Wakati huo lilikuwa deni la wazi, likijadiliwa mchana mbele ya watu, na kiongozi wa msafara alijua kwamba asipolilipa hatapita.

Leo neno hilo lina maana mbaya. Hongo ni rushwa, fedha inayotolewa kwa siri ili mtu afumbe macho. Mabadiliko ya neno hili moja yanatosha kumfundisha mwokota kuni: ruhusa inayoombwa hadharani humlinda aliyeomba na aliyetoa, ila ruhusa ya kichochoroni huwaweka wote wawili hatarini.

Ardhi ni ya nani?

Kosa la kwanza la waokota kuni wengi ni kudhani kwamba kando ya barabara ni mahali pamoja. Hatua chache tu zinaweza kumtoa mtu kwenye mamlaka moja na kumwingiza kwenye mamlaka nyingine.

Sehemu ya kwanza ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 iliweka hifadhi kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Eneo hilo liko chini ya mamlaka ya barabara. TANROADS inasimamia barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia za wilaya, mijini na vijijini. Kuokota tawi kavu lililoanguka na kukata mti uliosimama ndani ya hifadhi hiyo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Sehemu ya pili ni shamba au uwanja wa mtu. Mara nyingi shamba hufika karibu kabisa na barabara, na wakati mwingine mkulima amepanda miti yake mwenyewe pembezoni. Hata kama mpaka wake unabishaniwa, aliyepanda na kumwagilia mti ule haoni kuwa ni wa serikali. Busara inamtaka mpita njia amuulize.

Sehemu ya tatu ni ardhi ya kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi hiyo kwa niaba ya wanakijiji. Huko mgeni hana haki sawa na mwenyeji, hata kama mwenyeji haonekani.

Sehemu ya nne ni misitu ya hifadhi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaigawa misitu katika makundi, yakiwamo ya hifadhi ya taifa, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Ndani ya hifadhi za taifa na za serikali za mitaa, kuvuna mazao ya misitu kunahitaji kibali, na kuni ni zao la msitu kama ilivyo mbao. Mahali penye makubaliano ya usimamizi shirikishi, wanakijiji mara nyingi huruhusiwa kuokota kuni kavu za nyumbani kwa siku zilizopangwa. Asiye mwanakijiji asidhani makubaliano hayo yanamhusu.

Sehemu ya tano ni njia za umeme na reli. Mafundi wanaposafisha chini ya nyaya huacha matawi mengi yaliyokatwa. Wakazi huyafurahia, lakini mti uliokatwa ulikuwa ndani ya shamba la mtu, na yeye ndiye wa kwanza kuulizwa.

Nguzo kuukuu ya umeme au taruma la mbao la reli si kuni. Kwanza ni mali ya shirika, na kuichukua ni wizi. Pili, mbao hizo hutiwa dawa kali ili zisiliwe na mchwa. Moshi wake ni sumu kwa anayepika, na majivu yake hayafai kutupwa bustanini.

Alama za mwenyewe

Kabla ya kuomba, mwokota kuni anapaswa kujua kusoma alama. Mara nyingi kuni zenye mwenyewe hujitambulisha.

Mzigo uliofungwa kwa kamba ya gome, hata kama umeachwa siku kadhaa, una mwenyewe. Kuna mtu aliyekata kamba, akapanga vijiti na kufunga. Huenda amepeleka mzigo wa kwanza na atarudi kuchukua wa pili.

Kuni zilizopangwa kwa urefu mmoja, zikaegemezwa kwenye mti au kuwekwa juu ya mawe, zina mwenyewe. Upepo hauangushi matawi ukayapanga hivyo.

Gogo lenye alama ya shoka lililosogezwa hadi ukingoni mwa barabara linasubiri usafiri. Fungu lililowekwa mbele ya nyumba kwa ukubwa unaolingana na jirani zake ni biashara, hata kama muuzaji amekwenda kuchota maji.

Gogo lenye tundu linahitaji uangalifu wa pekee. Tabora ni mkoa wa asali, na mizinga mingi ya asili hutengenezwa kwa magogo au magome. Mzinga unaweza kuangushwa na upepo, au fundi akauacha chini kabla ya kuupandisha mtini. Anayeupasua kwa shoka akidhani ni kuni anaharibu chombo cha kazi cha mtu. Ufugaji nyuki una sheria yake, Na. 15 ya mwaka 2002, na hauchukuliwi kama mchezo katika mkoa wenye chuo cha kufundisha kazi hiyo.

Vivyo hivyo, mti uliotundikwa mzinga usiguswe, hata kama nusu yake imekauka. Miti ya makaburini na ya matambiko nayo iachwe. Hapo hata wenyeji wenyewe huuliza wazee.

Miti mingine haifai hata ikipatikana bure. Utomvu wa mnyaa, unaopandwa kama uzio, huunguza macho. Mninga umo katika orodha ya miti iliyohifadhiwa kisheria. Kuukata bila leseni ni kosa hata nje ya msitu wa hifadhi, na kuufanya kuni ni kuchoma mbao yenye thamani kubwa.

Namna ya kuomba

Adabu ya kuomba kuni haitofautiani na adabu nyingine za Kinyamwezi. Inaanza na salamu. Anayesimama barabarani na kupaza sauti, "Naweza kuchukua hizi?" amekwisha kujikosesha nusu ya ruhusa.

Anayeomba huacha panga na baiskeli barabarani, hupiga hodi na kusubiri. Akikaribishwa husalimu: "Shikamoo baba," au "Mwangaluka," kama ni asubuhi na wote wanazungumza lugha hiyo. Huuliza habari za nyumbani na za shamba, na kujitaja anakotoka. Ndipo husema haja yake: "Baba, nimeona matawi yale chini ya mwembe. Kama hayana kazi, naomba niokote mzigo mmoja wa kupikia."

Ombi hilo lina mambo manne muhimu: ni kuni zipi, ni kiasi gani, ni za kazi gani, na kwamba mwenyewe ana nafasi ya kukataa. Mwenye mali akisema, "Hizo nimeziweka kwa ajili ya bani, mwanangu," mwombaji hushukuru na kuondoka bila kununa. Kesho anaweza kuonyeshwa nyingine.

Mwenye nyumba asipokuwepo, ruhusa haiombwi kwa mtoto. Mtoto hukubali kila kitu akiulizwa na mtu mzima, na baadaye ndiye anayechapwa. Ni vema kuacha ujumbe kwa jirani au kurudi siku nyingine.

Ruhusa ya jana si ruhusa ya leo. Aliyepewa mzigo mmoja Jumatatu asirudi Alhamisi na mkokoteni. Aliyeruhusiwa kuokota asikate. Aliyeruhusiwa yeye peke yake asilete shangazi na majirani.

Mipaka ya ruhusa inajumuisha vifaa pia. Mikono na kamba vinatosha kwa kuokota. Mtu anayekwenda na shoka au msumeno anaonyesha nia nyingine, na walinzi wa msitu huanza kumhoji kutokana na kile alichobeba.

Utani nao una kikomo. Wanyamwezi wana watani wengi, na mtani anaweza kuingia uani akachukua kuku huku watu wakicheka. Lakini mtani akikata mti wa kivuli hatasamehewa kwa kicheko.

Mwokota kuni mzuri huacha mahali pakiwa pasafi kuliko alivyopakuta. Huondoa miiba njiani, hufunga mlango wa uzio na haachi vijiti kwenye matuta. Hugeuza gogo kwa fimbo kwanza, kwa kuwa nyoka na nge hupenda kujificha chini yake. Mavuno yakifika, kibaba cha karanga au viazi vichache kwa aliyemruhusu si malipo. Ni kumbukumbu ya wema, na neno "wabeja" husemwa vizuri zaidi mkononi mkiwa na kitu.

Za nyumbani na za biashara

Mpaka unaowachanganya wengi ni ule kati ya kuni za kupikia nyumbani na kuni za kuuza. Mwenye shamba anayempa mama mzigo wa kichwani kwa moyo mweupe hujisikia ameibiwa akiuona mzigo ule ule unauzwa sokoni.

Kwa hiyo mwenye nia ya kuuza aseme mapema. Anaweza kupatana bei ya kila mkokoteni, au kugawana kuni na mwenye shamba, au kumfanyia kazi ya kusafisha shamba na kulipwa kwa kuni. Makubaliano yoyote kati ya hayo ni halali ya ujirani, ilimradi yawe wazi.

Kwa upande wa serikali, mfanyabiashara wa kuni anahitaji kibali cha kuvuna, kulipa ushuru unaotakiwa na kuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ulioanzishwa mwaka 2010, pamoja na halmashauri ndiko pa kuulizia taratibu hizo. Ni busara kuuliza kabla ya kupakia, maana kizuizini hakuna nafasi ya kujifunza sheria.

Kila fedha inayolipwa idai stakabadhi. Anayelipa kidogo bila stakabadhi ili aachiwe apite amerudi kwenye hongo ya siri, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 inamhusu mtoaji kama inavyomhusu mpokeaji. Tena hajanunua chochote: kesho atakutana na mlinzi mwingine.

Mwenye ardhi naye ana wajibu

Adabu si ya mwombaji peke yake. Mwenye shamba anayefyeka na kuchoma matawi yote kwa moto, wakati jirani yake anatembea saa nyingi kutafuta kuni, anapoteza mali mara mbili. Anaunguza kuni, na anahatarisha shamba na msitu kwa moto unaoweza kumtoka.

Ni vema atenge mapema zile anazozihitaji, aziweke pamoja, na kuwaambia majirani kwamba zilizobaki ziko wazi hadi tarehe fulani. Tangazo la namna hiyo halina gharama, na humsafishia shamba bila kibarua.

Vilevile, mwenye shamba asijichukulie sheria mkononi. Kumpiga mtu au kumnyang'anya baiskeli kwa ajili ya matawi matatu kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Mahali pa kupeleka malalamiko ni kwa balozi, mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji au baraza la kata.

Hesabu ya mzigo mmoja

Wakulima wengi hawaandiki gharama ya kuni kwa kuwa hawatoi fedha mfukoni. Lakini muda nao ni mtaji.

Tuchukulie mfano wa kaya inayotumia mizigo mitatu kwa wiki, kila mzigo ukiwa na kilo 20. Kwa mwaka wa wiki 52 hiyo ni mizigo 156, au kilo 3,120. Iwapo kila mzigo unachukua saa tatu kwenda, kuokota na kurudi, kaya hiyo inatumia saa 468. Kwa siku ya kazi ya saa nane, ni zaidi ya siku 58.

Sasa tuchukulie mama wa kaya hiyo ana uhusiano mzuri na wenye mashamba jirani, anaruhusiwa kuokota kando ya njia yake ya kila siku, na kila mzigo unamchukua saa moja. Atakuwa ameokoa saa 312, sawa na siku 39 za kazi. Katika siku 39 mtu anaweza kupalilia shamba lake la mahindi kwa wakati na bado akabaki na nafasi ya biashara ndogo.

Hiyo ndiyo thamani ya salamu na heshima. Ukiongeza faini, siku za kesi na baiskeli iliyokaa ofisini, utaona kwamba kuni zilizochukuliwa bila kuuliza ndizo kuni ghali kuliko zote.

Walivyofanya wengine

Tatizo hili si la Tabora pekee. Mwanzoni mwa miaka ya 1840, huko Ujerumani, kulikuwa na mjadala mkali katika jimbo la Rhine kuhusu iwapo maskini anayeokota matawi yaliyoanguka msituni ni mwizi. Karl Marx, akiwa bado kijana mwandishi wa gazeti, aliandika akiwatetea waokotaji. Alisisitiza tofauti kati ya kukata mti ulio hai na kuokota kilichokwisha kuanguka, tofauti ambayo wazee wa vijijini kwetu wanaijua bila kusoma.

Jirani zaidi, Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, maeneo yanayofungwa ili nyasi na miti viote tena. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo badala ya kuleta sheria ngeni. Kanuni za nani aingie, lini na achukue nini zilisimamiwa na wazee katika baraza la dagashida na sungusungu. Eneo lililokuwa likielekea kuwa jangwa lilirudisha miti, na kuni zikasogea karibu na nyumba.

Wilayani Babati, vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa usimamizi wake katikati ya miaka ya 1990. Wanakijiji walijiwekea sheria na kuweka walinzi wao wenyewe. Somo la huko ni kwamba watu hulinda vizuri zaidi msitu ambao haki zao ndani yake zinajulikana.

Vijiji vya Tabora vinaweza kufanya vivyo hivyo. Halmashauri ya kijiji inaweza kupendekeza sheria ndogo, mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili, kisha ikapelekwa ngazi za juu kuidhinishwa. Sheria hiyo iseme mambo machache yanayoeleweka: kuni kavu za nyumbani ziokotwe siku zipi, kwa vifaa gani, mgeni aombe kwa nani, na anayeuza alipe kiasi gani. Ikibandikwa ukutani mwa ofisi, nusu ya kesi zitakwisha kabla hazijaanza.

Panda zako

Kuokota kuna mwisho wake. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na barabara inayookotwa na vijiji vitatu haitakuwa na kuni siku zote.

Watafiti wa Tumbi, mjini Tabora, kwa kushirikiana na kituo cha kimataifa cha kilimo mseto (ICRAF), walijaribu mashamba ya miti ya mzunguko kwa ajili ya wakulima wa tumbaku na mahindi. Miti inayokua haraka, ikiwamo Acacia crassicarpa, hupandwa pamoja na mahindi katika miaka ya mwanzo. Miti ikishafunga kivuli huachwa peke yake, huvunwa baada ya takriban miaka mitano, na mkulima hurudi kupanda mahindi kwenye udongo uliopumzika.

Kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, hekta moja huchukua miti 625. Asiye na hekta ya kutenga anaweza kuanza na mstari wa mijohoro mpakani. Mti huo huchipua tena ukikatwa vizuri, na aliyeupanda hana haja ya kupiga hodi kwa mtu.

Jiko banifu nalo hupunguza idadi ya mizigo. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo zuri, lakini kati ya leo na siku hiyo kuna milo mingi ya kupikwa, na mingi kati ya hiyo itapikwa kwa kuni.

Kwa hiyo mkulima atenge kuni zake mapema na aziwekee alama. Mfanyabiashara atafute kibali na stakabadhi. Serikali ya kijiji iandike sheria ndogo ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Na mpita njia, akiona tawi kavu limelala ukingoni, atazame pande zote kutafuta nyumba iliyo karibu, kisha apige hodi.